Kibaba cha Mfuto

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, anayemruzuku ndege asiye na ghala na mdudu aliye chini ya jiwe, aliyenilisha mimi tangu siku sina meno hadi leo ambapo tena sina. Namshukuru kwa alichonipa na kwa alichoninyima, maana vyote viwili vimenifundisha. Nikiisha kumtaja Yeye, naanza.

Miezi michache iliyopita mke wa mjukuu wangu, ambaye naishi kwao hapa Korogwe, alikuja kuketi nami barazani akiwa na daftari. Kila mwanzo wa mwezi huandika humo unga, mchele, mafuta, sukari na sabuni, na kila mwezi, kabla haujaisha, daftari husema lake na jiko likasema lake. Safari hii unga ulikuwa umekwisha zikiwa zimebaki siku nane. Akaniuliza, bila kunitania, sisi zamani tulifanyaje hata chakula kikafika mwisho wa mwezi. Nikamwambia tulipima. Akacheka, akasema na yeye anapima. Nikamwambia arudi jikoni, kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na sufuria yake ilikuwa motoni. Jibu ndilo hili, na wewe msomaji wangu lipokee kama unavyopokea maneno ya mtu mliyepotezana naye siku nyingi.

Asili yetu ni Handeni. Mvua zilipokataa misimu miwili mfululizo, baba alikwenda kuomba kazi ya kukata mkonge katika shamba moja la Wazungu upande wa Makuyuni, kisha akatuchukua mama, mimi, na bibi aliyemzaa yeye. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Tulipewa chumba kimoja katika safu ndefu ya nyumba za wafanyakazi, ukuta mmoja baina yetu na jirani. Ukipiga chafya huku, wa upande wa pili anakuombea rehema. Alfajiri tuliamshwa na kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti, kikigongwa kwa nyundo. Harufu ya maganda ya mkonge yaliyooza nyuma ya kiwanda iliingia kwenye nguo, kwenye maji, na hata kwenye ugali. Wageni walikuja wameziba pua. Sisi tulikwisha kusahau kwamba ile ni harufu.

Baba alifanya kazi kwa kipande. Kwa asiyekijua, kilikuwa kadi yenye visanduku thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anakuwekea alama kwenye kisanduku kimoja, na mshahara hutoka kisanduku cha thelathini kikishapata alama, wala si mwezi unapoandama. Siku ya homa haihesabiwi. Siku uliyopungukiwa tita moja la majani ya mkonge haihesabiwi. Kwa hiyo mwezi wetu ulikuwa na siku thelathini na tatu, mara nyingine arobaini. Tuliujua mwanzo wake tu. Bibi alikuwa akisema, "Mwezi wa mbinguni una adabu. Huu wa kipande hauna."

Chakula alikishika bibi. Mama alishinda kiwandani akianika nyuzi, akarudi mikono imepasuka. Bibi njaa aliijua kwa sura. Alizika watoto wawili katika njaa moja huko Handeni, na habari hiyo hakupenda kuizungumza. Siku baba alipolipwa, unga wa mwezi uliingia kwenye kilindo, lile pipa letu la gome la mti, na bibi akakata kamba ya mkonge, akaifunga mafundo arobaini, akaitundika juu yake. Kila siku akishapima alifungua fundo moja. Alipimia kibaba cha mti alichotoka nacho Handeni, kimeng'aa kwa kushikwa. Kibaba hupimwa namna mbili. Kuna cha tele, unga unasimama juu kama kichuguu; na kuna cha mfuto, unapitisha kijiti juu ya mdomo wake na unga unaozidi unarudi ulikotoka. Kwetu kilikuwa mfuto siku zote, vibaba viwili kwa siku, isipokuwa Idi. Tulikula ugali kwa mlenda, na ukoko wa sufuria ulikuwa haki yangu. Ladha yake bado ninayo mdomoni, chumvi kidogo na moshi mwingi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kabla ya kumimina unga kwenye maji, bibi alichota konzi moja, ujazo wa mkono, kutoka katika unga uliokwisha kupimwa, akaitia kwenye chungu kidogo nyuma ya kilindo, akakifunika kwa kipande cha mkeka. Mimi nilidhani ni akiba ya siku mafundo yatakapoisha na kipande hakijajaa. Sikuuliza. Watoto wa wakati ule hatukuuliza mengi.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama aliyetoka mbali sana, akiwa amemfuata mumewe aliyeandikwa kazi huko kwao na kuletwa kwa garimoshi. Kiswahili alikijulia palepale shambani, na alikitumia zaidi kwa utani. Alimwambia bibi kwamba iko siku atafunga fundo hata kwenye pumzi zake. Bibi akamjibu kwamba iko siku na yeye atakuja kuomba afungiwe. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alikuwa na kitoto cha kike kilichoachishwa ziwa karibuni. Asubuhi, kikiachwa ndani wakati mama yake akisonga mbele ya mlango, kilipiga ukuta kwa kiganja. Nami nikapiga wa kwetu. Kikacheka, kikapiga tena. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Mwaka huo baba alishikwa na homa, na siku tisa zikapita bila alama kwenye kadi yake. Bibi aliishika ile kamba, akafunga upya mafundo matano aliyokuwa amekwisha kuyafungua, akashusha kipimo hadi kibaba kimoja na nusu. Hakuna aliyelalamika. Ndipo zikaja habari kwamba kaka yake bibi amefariki Handeni. Ilimpasa kwenda. Kabla ya kupanda lori aliniita, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, akaniwekea kibaba mikononi.

"Mfuto, mjukuu wangu," aliniambia. "Hata baba yako akikuomba cha tele, mfuto. Na konzi usiiache."

Ndugu yangu, sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile. Nilitembea uani na kibaba kwapani kama karani na daftari lake. Nilipima, nilifuta, nilifungua fundo, nilitia konzi. Sikukosea hata siku moja.

Siku ya tatu, adhuhuri, yule jirani alisimama mlangoni kwetu na bakuli. Mumewe alikuwa amejikata mguu kwa panga, yumo katika hospitali ya shamba wiki ya pili, na kipande chake kimesimama kwenye kisanduku cha kumi na mbili. Hayo niliyajua, safu nzima iliyajua. Aliuliza kama bibi amerudi. Nikasema bado. Akatazama chini, kisha akasema, bila utani wowote, "Mwanangu, nipimie kibaba kimoja. Baba mtoto akipona nitarudisha cha tele."

Nikamwonyesha kamba. Nikamwambia, kwa sauti ya bibi kabisa, kwamba mafundo yaliyobaki ni kumi na moja.

"Sijaomba fundo, mwanangu," alisema. "Naomba unga wa uji wa mtoto."

Macho yangu yalikwenda kwenye chungu kidogo, yakarudi. Nilijua kimekaribia kujaa. Lakini nilikiona kama ukuta wa mwisho baina yetu na njaa, na mlinzi wa ukuta huo nilikuwa mimi. Nikamwambia aje jioni amwombe mama. Akasema haya, akashukuru, akaenda zake. Jioni hakuja. Mtu mzima aliyekwisha kumwomba mtoto na kunyimwa, aibu ya pili ataibebea wapi? Nami sikumwambia mama. Hapa ndipo ninapojishitaki kila siku: sikumwambia kwa sababu nilijua angempa.

Kesho yake asubuhi kiganja kilipiga ukuta, polepole, mara mbili tu. Siku iliyofuata nilipiga mimi wa kwanza na sikujibiwa. Nikadhani amelala. Siku ya tatu walimpeleka mtoto hospitali akiharisha, na kabla ya alasiri akarudishwa amefunikwa kanga. Wanaume wachache wakamzika kwenye makaburi ya wafanyakazi, ng'ambo ya reli ndogo ya mkonge, watu wa dini mbili wakiomba kila mmoja kwa namna yake. Baba alikwenda, akarudi na udongo kwenye magoti.

Bibi alifika asubuhi iliyofuata. Kilio cha wanawake alikisikia tangu barabarani. Hakwenda kule kwanza. Aliingia kwetu, akaweka kifurushi chini, akaenda nyuma ya kilindo akafunua chungu. Kilikuwa kimejaa hadi mdomoni.

Akaniuliza kama hakuna mtu aliyekuja. Nikasema alikuja jirani. Nikasema sikumpa. Mungu anisamehe, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa bado inangoja sifa.

Bibi aliketi sakafuni kando ya chungu. "Chungu hiki si chetu," alisema. "Tangu konzi ya kwanza si chetu. Ni cha anayebisha hodi." Kisha akajipiga paja kwa kiganja na kusema, si kwangu, "Nimeificha sadaka mpaka mwenyewe hakuiona."

Baadaye, nilipokuwa mkubwa na kusoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nilielewa. Alifundishwa kwamba sadaka njema ni ile inayotolewa kwa siri, mkono mmoja usijue tendo la mwingine, na yeye aliishika siri hiyo hata ndani ya nyumba yake. Miaka yote alikuwa akiwapimia watu wa safu ile wakati sisi tumekwenda kuteka maji au kuokota kuni, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kujua, si baba, si mimi. Jirani mwenyewe hakujua kwamba fungu lake liko hatua tatu kutoka aliposimama. Mimi nilifundishwa kupima. Unga ule unapimwa kwa ajili ya nani, sikuambiwa.

Akanibebesha chungu. Nilikishika kwa mikono miwili hadi mlango wa pili, nikakiweka mbele ya yule mama aliyekuwa amekaa juu ya mkeka. Alikitazama, akanitazama. Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Aliwaambia tu wale wanawake waliokuja msibani wakipeleke chungu jikoni wapike uji, kwa kuwa watu hawajala tangu jana. Ulipoiva, wakagawa kama ilivyo desturi ya msiba, na watoto wa majirani hupewa kwanza. Bakuli likaja mkononi mwangu. Nikamtazama bibi nikitumaini ataniambia nisinywe.

"Kunywa," alisema.

Nilikunywa wote. Haukuwa na sukari.

Miezi miwili mbele mume wa jirani alitoka hospitali akichechemea, asiyeweza tena kukata mkonge, wakaamua kurudi kwao. Asubuhi ya safari yule mama alikuja kuaga na kile chungu. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu, na nadhani hata kwao ni hivyo: ndani yake mlikuwa na konzi moja ya unga. Bibi alipouona, ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona akilia. Mama yule akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga. "Umekonda," akasema. Basi. Wakashika njia ya kwenda stesheni.

Daktari wa shamba alisema ni tumbo, na baba alishikilia maneno hayo kila nilipoamka nikilia. Huenda ni kweli. Huenda kibaba kimoja kisingebadili kitu, kwa kuwa ajali ya mja, siku yake ya kufa, i mikononi mwa Muumba. Nimeacha kubishana na jambo hilo. Ninaomba msamaha tu, na nashukuru kwamba mlango wa kuomba haujafungwa.

Nilipita pale miaka michache iliyopita, nikienda Mombo kwa mwanangu. Safu za nyumba hazipo, zimebaki ngazi za saruji zinazopanda kwenda kwenye majani. Reli ndogo imeng'olewa. Makaburi sikuyaona, mahindi yamelimwa mpaka kwenye barabara. Kibaba cha mti kililiwa na mchwa, na bibi amelala Handeni kando ya kaka yake. Hakuna tena anayepima kwa mfuto wala kwa tele. Siku hizi ni mizani, na mizani haina konzi. Ukuta ule nao haupo, lakini kiganja changu bado wakati mwingine hugusa ukuta wa chumba changu, nikangoja.

Basi nimemjibu mke wa mjukuu wangu. Nimemwambia apime, na apime kwa mfuto, kwa maana bila kipimo hata konzi ya kutoa haipatikani. Nimemwambia aweke chombo kidogo pembeni ya unga. Kisha nikawaita watoto wake wote, hata yule asiyejua kusema vizuri, nikawaonyesha chombo hicho na kuwaambia ni cha nani. Jirani wasijue, lakini waliomo ndani ya nyumba wajue. Mwezi uliopita unga wake uliisha zikiwa zimebaki siku tano. Bado anajifunza, na chombo kidogo kilikwisha kwenda kwa mwenyewe mara mbili.

Nawe uliyeketi nami mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akubarikie unga wako usikauke kabla ya siku zake, akuepushe na mwezi usio na adabu, na atakayebisha hodi kwako asimkute mtoto aliyefundishwa kipimo peke yake. Amina.