Kimya cha Mama Douce

Katika wanawake wote waliofundishwa kukaa kimya, ni Benedicte peke yake aliyeendelea. Mwaka 2009 mshauri mmoja alifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akawakusanya wanawake waliokimbia vita na kuwaelekeza: kaa chini asubuhi, fumba macho, fuata pumzi inavyoingia na inavyotoka, usitafute kitu. Mafunzo yalipokwisha, wenzake walirudi kwenye foleni ya maji na pilikapilika zao. Yeye aliyashika mafunzo. Alikuwa fundi cherehani, na tangu atoke Bukavu, Kongo, mikono ilimtetemeka hata kutunga uzi kwenye sindano kukamshinda. Akikaa asubuhi, mikono ilitulia. Akiruka siku, tetemeko lilirudi kabla ya mchana. Hakuhitaji kuhubiriwa faida za kutafakari; cherehani ilimwonyesha.

Taabu ilikuwa ukuta. Nyumba za udongo za Dzaleka zimegusana, na kukipambazuka kila ukuta unaomba kwa sauti. Anayenyamaza hujulikana. Na kwa Wakongo wa vyumba vya maombi, vile vikundi vya kusali majumbani, mtu hanyamazi bure: anaonyeshwa jambo na Mungu, na akishaonyeshwa hana budi kusema.

Jirani wa ukuta mmoja, Gloriose, ndiye aliyekuja. Mumewe, Nizigama, alikuwa ameondoka kutafuta kazi Afrika Kusini na hakusikika tena. Gloriose alijikalia mkekani bila kualikwa, akamwita Benedicte kwa jina la bintiye aliyezikwa Bukavu.

“Mama Douce, Mungu amekuonyesha nini juu ya bwana yangu?”

“Mi sioni kitu, dada. Napumua tu.”

“Kupumua! Hata mbuzi ya Wamalawi inapumua. We unanificha.”

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Benedicte akiamka mapema zaidi, Gloriose naye aliamka. Akifunga mlango, uligongwa. Mikono ikaanza tena. Mkasi ukaingia pasipotakiwa kwenye gauni la bibi harusi. Asubuhi iliyofuata, swali lilipokuja, Benedicte alijibu bila kufumbua macho:

“Iko muzima. Atarudi. Sasa niache.”

Gloriose alipiga vigelegele hadi nje. Kimya kikabaki chumbani, kile ambacho Benedicte alikuwa amekitamani muda wote, naye akakikalia mpaka jua likapanda. Siku hiyo alishona vizuri sana.

Kwa Gloriose lile neno likawa nguzo ya nyumba. Zihindula, seremala aliyefiwa na mkewe, alikuwa akimletea unga na kumposa kwa adabu. Gloriose akamfukuza mbele za watu.

“Bwana yangu iko njiani. Muulize Mama Douce!”

Zihindula hakuuliza. Akaoa kwingine. Benedicte aliyasikia yote kupitia ukutani. Alijiambia atasema kweli akishamaliza kukaa. Kila asubuhi alimaliza, na kila asubuhi kulikuwa na nguo inayongoja.

Habari ilikuja mwaka wa pili tangu neno lile, kwa mdomo wa mtu aliyesafiri na Nizigama. Nizigama alikuwa amekufa kwa malaria nchini Msumbiji, akazikwa kando ya barabara, kabla hata Gloriose hajaukanyaga mkeka ule. Gloriose hakutukana. Alikuja akasimama mlangoni.

“Asubuhi ile uliona nini, basi?”

“Sikuona kitu.”

“Hata kidogo?”

“Nilitaka unyamaze.”

Gloriose alitikisa kichwa polepole. “Kumbe njo vile,” alisema. Kisha akamshukuru kwa Kichewa, lugha ya wenyeji, kama wanavyomshukuru mtu wasiyemjua sokoni: “Zikomo.” Akaenda zake.

Tangu siku hiyo pumzi haikufuatika. Mwaka 2012 Benedicte alihamia mji mkuu, Lilongwe, mtaa wa Area 25, ambako Zaina, mfanyabiashara Mkongo wa Kindu, alimpa kazi ya kushona na chumba nyuma ya duka. Huko hapakuwa na ukuta unaoomba. Alikaa kila asubuhi bila kuruka hata moja. Hakuwahi kuwa mwaminifu kiasi hicho. Lakini kila alipofumba macho alisikia vile vigelegele vikitoka nje, na mikono ilitetemeka tangu asubuhi hadi taa zilipowashwa. Zaina alivumilia, mwishowe akampa mwingine cherehani. Benedicte akabaki wa kufumua mishono na kupiga pasi.

“Mama, hii sala yako ya kimya inakusaidia nini?” Zaina alimuuliza siku moja, akikunja sare za shule. “Mi nikisali nasimama mwepesi. We unainuka kama umetoka kubeba maiti.”

“Ilinisaidia zamani.”

“Basi unifungulie duka saa kumi na mbili. Wazazi wanapita mapema, wanakuta tumefunga.”

Saa kumi na mbili ndiyo ilikuwa saa yake ya kukaa kimya. Zaina alikuwa bado anaeleza, tena kwa upole, akitafuta namna ya kumbembeleza, Benedicte alipomkatiza na kuuliza funguo ziko wapi.