Ngoma ya Nyamizi na Nyimbo za Korea

Nyamizi, mke wa Makoye, analima mpunga Usevya, mkoani Katavi. Wazazi wake walihama kutoka kaskazini wakiswaga ng'ombe, na pamoja na ng'ombe hao walileta ngoma yao ya Kisukuma. Baba yake alipofariki, binti huyo akawa manju: kiongozi wa kikundi, mtunzi wa nyimbo zake, na mlinzi wa ngoma kuu.

Muziki wa Korea ulimfikia shambani. Alikuwa amempa muuza nyimbo kadi ya kumbukumbu ya simu amrushie nyimbo za Kisukuma; yule bwana, asipende kadi ibaki na nafasi tupu, akajazia alichokuwa nacho. Basi msimu wa kuamia ndege, Nyamizi akiwa juu ya dungu, simu ikamaliza nyimbo alizozijua, wakatokea mabinti wa Korea wakiimba na kucheza. Hakuelewa hata neno moja. Miguu aliielewa: ilikuwa mingi, ikitua kwa kishindo kimoja kana kwamba ni ya mtu mmoja. Kweleakwelea walikula mpunga siku ile, na hakuna aliyewafukuza.

Mwenyezi Mungu hagawi vipaji kwa kutazama ramani, wala Nyamizi hakuona aibu kujifunza kutoka mbali. Mpwa wake Scola, anayesomea uuguzi Mpanda, akawa mjumbe wake: kundi gani limetoa wimbo, nani amejitoa, nani amebadili mtindo.

"Shangazi, unawapita wenzangu wote wa bweni!" Scola alimwambia kwenye simu.

"Na mimi mumeo nisione wivu?" Makoye alidakia kutoka pembeni. "Maana hao Wakorea wanalala humu ndani zaidi yangu."

Kila mwaka, Jumapili ya Ekaristi Takatifu, baada ya Misa na maandamano, makundi mawili ya ngoma hushindana. Yote hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na hakuna meza ya majaji. Watazamaji huhukumu kwa miguu yao: kundi linalobaki na watu ndilo lililoshinda.

Mwaka mmoja, Nyamizi aliweka ngoma kando, akafungulia spika nyimbo zenyewe za Korea. Wachezaji wake walikwenda sawasawa, pasipo kosa. Watu walistaajabu kidogo, kisha wakahamia kwa mpinzani wake, manju Malale, wakamwacha Nyamizi akichezea vumbi. Wazee wa kikundi wakatoa neno: watu wakihama tena mwaka unaofuata, ngoma kuu ya baba yake itakabidhiwa kwa Malale.

Kwa miezi mingi hakulijua kosa lake. Ndipo Scola akamtumia onyesho jipya, lililorekodiwa mbele ya umati.

"Scola, hawa watazamaji wanapiga kelele gani?"

"Wanaita majina, shangazi. Kila msanii ana mahali pake ndani ya wimbo anapoitwa. Mashabiki wanajifunza kabla ya siku yenyewe."

Nyamizi akacheka kwa sauti. "Mwanangu, kumbe mimi niliwafungulia watu spika! Nani anaitikia spika?"

Akatunga wimbo mpya wa Kisukuma, wenye hatua za Korea na ngoma ya baba yake chini yake. Katika kila ubeti aliacha pengo, na pengo hilo lilikuwa na jina la mchezaji mmoja. Wachezaji wake wakayaeneza majina hayo kisimani na kwenye mashine ya kukoboa. Na kwa kuwa Evaline na Getrude, wachezaji wake wawili, ni Wapimbwe, hata Wapimbwe, wenyeji wa Usevya, ambao miaka yote walipita tu kando ya uwanja, siku ya shindano wakafika mapema kuwaita ndugu zao.

"Mayu Nyamizi!" Malale alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja, akimwita mama kwa Kisukuma. "Leo spika umeiuza?"

"Spika ninayo, baba. Imesimama mbele yako, ina miguu."

Ngoma ikalia. Ubeti wa kwanza ukafika kwenye pengo, na umati ukanguruma: "Evaline!" Evaline akaruka, wenzake wote wakatua naye kwa kishindo kimoja. Watu wa upande wa Malale wakageuza shingo, kisha mabega, kisha wakaja wakikimbia, kwa maana hakuna awezaye kusikia binti wa nyumbani kwao akiitwa naye akatazama kwingine. Mwishowe mpiga ngoma wa Malale aliitupa fimbo yake akavuka, akiita jina la dada yake, mchezaji wa Nyamizi, mpaka sauti ikamkauka.

Malale akabaki ameshika kiuno. "Mayu, hata mpiga ngoma wangu?"

"Njoo nawe, baba. Ubeti unaofuata ni wa shemeji yako."

Malale alivuka uwanja mtupu, na aliposimama katikati ya umati aliita kwa nguvu kuliko wote.

Jioni ile Makoye alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, na wazee wale wale wakaipakia ngoma kuu kwa mikono yao, wakaifunga kamba, wakamkabidhi Nyamizi hatamu.