Muhuri wa Pudentienne

Pudentienne Ndihokubwayo alitunza ghala letu la dawa miaka kumi na tisa, na sijaona katoni iliyoharibika mikononi mwake. Mimi ni dereva wa lori hapo, najua ninachosema. Dawa inayokaribia kuisha muda aliiweka mbele, ya muda mrefu nyuma, na tarehe aliiandika kwa wino mwekundu hata asiye na miwani aisome. Mzigo uliobakiza miezi miwili tu aliurudisha kwa lori langu hilohilo, nami nikanuna njia nzima.

Mwezi wa Machi mama yake alifariki. Msibani, nyumbani kwao Rwezamenyo, alikuja Benon, msaidizi wake wa ghalani aliyekulia Kampala, na kreti mbili za Fanta. Akamshika Pudentienne mikono yote miwili.

"Mama, wewe pumzika. Nipe funguo, stoo iko na mimi."

Akampa. Funguo hizo zilifungua pia droo ya ghala yenye muhuri wa jina la Pudentienne, na bila muhuri huo mzigo haupokelewi.

Agosti wakaguzi wakakuta nyuma ya rafu katoni arobaini za dawa ya malaria ya watoto, zimeisha muda tangu Mei. Hati ya mapokezi ilikuwa na muhuri wa Pudentienne, Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi. Kikao kikaitwa kuamua kama atabaki kazini.

"Muhuri ni ya Mama," Benon alisema, macho dirishani. "Mimi nilipanga tu vile aliniambia."

Nikasema siku hiyo mimi mwenyewe niliwapeleka wafiwa makaburini.

"Shoferi, ngoja uulizwe," mwenyekiti akanikata. Sikuulizwa.

Pudentienne hakubishana na Benon. Alimgeukia Lillian, mkuu wa ghala, rafiki yake tangu walipoajiriwa pamoja. Kila mwezi Lillian alitia sahihi kwamba amekagua rafu, na wote tulijua hakuwahi kufika rafu za nyuma; Pudentienne akiondolewa lawama, maswali yangefuata sahihi hizo.

"Lillian, ile siku mimi na wewe tulikuwa wapi?"

Lillian alifungua kalamu, akaifunga.

"Iko siku mingi, dada. Sikumbuki vizuri."

"Tulikuwa tunazika mama yangu. Mvua ilinyesha, ukanishikia mwavuli."

"Sikumbuki."

Uongo wa Benon ulimuudhi Pudentienne tu. Huu wa Lillian ulimvunja, nami nilimwona akivunjika.

Jumatatu aliachishwa kazi. Funguo sasa ziko kwa Benon. Lillian ananisalimia kila asubuhi, nami ninajifanya nakagua matairi.

Juzi nilikwenda Rwezamenyo kumjulia hali Pudentienne. Nyuma ya mlango wake kumetundikwa mwavuli mweusi. Lillian aliusahau siku ya mazishi, na hadi leo hajaja kuuchukua.