Msikiti wa Mbao Nilioambiwa Niufute

Juzi nilipita mji wa Falls Church, huku ughaibuni nilikokulia, kando ya barabara ya Route 7, nikakuta yale maghorofa yetu ya matofali mekundu yamebomolewa. Pamesimama jengo la vioo, na chini wanauza kahawa ya bei ya kukupa kizunguzungu. Nikaegesha gari, nikakaa nimenuna kama mtoto. Maana pale, rafiki yangu, ndipo nilipoijua Poland kabla sijaijua hata Tanga ya mama yangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mimi nikitoka shule nafikia kwa jirani yetu, mama mzee wa Kipolandi. Nilimwita Bibi, basi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama cha mama, na nyumba yake ilinukia siagi, vitunguu na dawa ya kuchua magoti. Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi. Yeye huku anakuna, huku ananitembeza kwao, mkoa wa Podlasie, juu ya meza ile ile ya jikoni. Bakuli la sukari lilikuwa mji wa Supraśl na monasteri yake yenye minara. Kopo la chumvi lilikuwa Tykocin, mji mdogo wenye sinagogi kubwa, na korongo wanaojenga viota juu ya nguzo. Maganda ya viazi aliyarundika yakawa msitu wa Białowieża, na kitunguu kimoja ndani yake ndiye nyati. Hapo alinitaka nipite polepole, nami nilipitisha kidole kwa woga kweli kweli.

Siku moja mama alimpelekea visheti. Sahani ikarudi imejaa viazi vya kukuna vilivyookwa, vina ukoko wa kahawia. Sisi Waislamu, na mama alishasikia kwamba Wapolandi nguruwe wanamtia mpaka kwenye supu. Akanirudisha na sahani nikaulize. Aibu niliyoona! Bibi hakukasirika hata. Alisema hakutia, anajua, kwani kwao, kijiji cha Kruszyniany, majirani walikuwa Waislamu, Watatari waliopewa ardhi na mfalme wa zamani kwa kumpigania vita. Walikuwa na msikiti wa mbao, wa kijani, kijijini kabisa. Mama yake Bibi aliweka sufuria ya pembeni, isiyowahi kuguswa na nguruwe, kwa ajili ya siku majirani hao wakija kula. Mama aliposikia habari ya ile sufuria aliivuta sahani, akala. Toka siku hiyo sahani haikupumzika.

Shuleni ikaja kazi: kila mtoto achague mkoa popote duniani, achore ramani ya mahali pa kutembelea, halafu asimame ukumbini awaeleze wazazi. Mwalimu wetu kichwani mwake alishanipa Tanzania, simba na mlima. Nikasema Podlasie. Akacheka, akakubali. Lakini alipouona msikiti wangu wa kijani akasema hapo nimechanganya na kwetu. Akafungua kitabu cha maktaba, hamna. Akasema niufute, au ukumbini sisimami.

Sikufuta. Nililia, ndiyo, lakini raba sikuigusa. Akaitwa mama aje anishawishi. Sasa mama yangu, mbele ya walimu, alikuwa mtu wa ndiyo mwalimu, asante mwalimu. Alikuja na sare yake ya kazi, akaitazama ramani weee, kisha akanigeukia.

"Mwambie kila wiki tunakula kwa jirani wa msikiti huu," alisema. "Haufutwi."

Nikatafsiri bila kupunguza neno. Mwalimu akatafuta njia ya kutukomoa: ramani itundikwe, ila kule nyuma, ukutani kwenye mlango wa choo, na mimi nisimame hapo hapo. Haya. Nani haendi choo? Wazazi waliojaza matumbo juisi ya bure walikuja mmoja mmoja, na hakuna aliyeingia kabla sijamfikisha Supraśl, Tykocin na msikitini. Sauti niliipaza makusudi imfikie mwalimu kule mbele.

Bibi naye alikuja na mkongojo wake. Akaweka kidole juu ya msikiti. Kisha akaniomba penseli, akachora kando yake kijumba chenye bomba la moshi. Kwao. Hakuwahi kuniambia kwamba walikaa karibu hivyo. Machozi yalimtoka na wala hakuyafuta.

Baadaye mwanawe alimhamishia mbali, na ile ramani nikampa aende nayo. Sasa yeye hayupo, mama hayupo, na jengo ndilo hilo wamelibomoa. Wanaokaa pale leo sidhani kama wanajua jirani anakula nini na hali nini. Inaniuma, sikufichi. Lakini kuna kitu hawakukibomoa. Mtu mwenye kitabu akiniambia kwamba nilichokionja kwa ulimi wangu hakipo, sihangaiki kubishana naye. Nasimama zangu mlangoni pa choo, nawangoja watu wapite.