Tandala wa Kokoto

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Misigiri, enzi za Mwingereza, nilipokuwa bado mke mgeni. Fundi mmoja Mgiriki, tuliyemwita Bwana Kosta, alikuwa anajenga nyumba yake, akataka wanawake wa kuokota kokoto korongoni: nyeupe debe lake, nyeusi lake, nyekundu lake. Mama mkwe akanipeleka, pamoja na jirani yetu Raheli, mjane mwenye watoto wanne.

Bwana Kosta alitueleza kwamba kwao, kabla Yesu hajazaliwa, mafundi walitandaza sakafu za picha kwa kokoto za mtoni tu, bila rangi. Wenzao walichonga watu kwenye mawe, ukiwatazama unadhani watavuta pumzi. Nilicheka pembeni. Mawe ni mawe, nikajisemea, na jua lilikuwa kali. Nikajaza debe la nyekundu vibonge vya udongo mwekundu mkavu, juu nikafunika kokoto safi, na Raheli akanibebea bila kujua.

Bwana Kosta na vibarua wake wakapanga kokoto sakafuni siku nyingi, moja moja kwenye chokaa, zikawa mnyama wa kwao mwenye pembe. Sisi tulimwita tandala. Siku ya kuosha, maji yalipomwagwa, shingo ya tandala ikayeyuka, likabaki shimo la tope.

Bwana Kosta hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Debe la nyekundu lilikuwa la nani?"

Msimamizi wa vibarua akamwonyesha Raheli, maana ndiye aliyelileta kichwani. Akaambiwa asirudi tena kazini. Raheli akafunga kanga yake, akaanza kuondoka. Mama mkwe akanisogelea, akaniambia polepole kwa Kinyiramba, "Binti yangu, yule anaondoka na kosa lako. Kesho utamsalimiaje?"

Sijui alijuaje. Nikamwendea Bwana Kosta, nikasema ni mimi.

Sikufukuzwa. Nilipewa patasi nikachimbua shingo yote, kisha nikarudi korongoni na Raheli, aliyerudishwa kazini lakini akawa anaokota mbali nami. Niliokota kila kokoto nikailowesha kwa mate nione rangi yake. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Kumbe kuna wekundu wa ini, wekundu wa mtama uliokomaa, na mwingine ambao hadi leo sina jina lake.

Shingo ilipopangwa upya na maji kumwagwa tena, tandala aliinuka. Sina neno jingine, mwanangu. Shingo ilijaa, jicho likawa na unyevu, na Raheli akarudi nyuma hatua moja kama anayeogopa kurukiwa. Mama mkwe, aliyesiliba nyumba za tembe kwa udongo maisha yake yote, alipiga magoti akamgusa. "Ni mawe haya haya tunayokanyaga kila siku," akasema. Tulisimama pale mpaka sakafu ikakauka.

Basi, mwanangu, kazi usiyoielewa usiidharau. Uliza, au ifanye kama ulivyoonyeshwa. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Raheli alinisamehe, ila ilichukua mavuno mawili. Mungu akupe macho yanayoona, mikono isiyodanganya, na siku ulimi utakapokuwa mzito, akupe nguvu ya kusema, "Ni mimi."