Dawa ya Visi

Asubuhi hiyo, pale Kabambare, nilikuwa nimekaa barazani, mahali pangu pa kila siku, nikimtazama mke wangu akifanya kazi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Niliachia shule mwaka wa tano wa sekondari, nikiwa na fizikia ya kutosha kueleza kwa nini kitu kimeharibika, lakini si ya kukitengeneza. Kibao chetu kilisema: TUNASHONA, TUNATENGENEZA MASHINI. Kushona alishona yeye. Kutengeneza alitengeneza yeye. Mimi niliandika kibao.

Ramazani, mdogo wake, alipita akitoka Kasongo kwenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Alimletea dada yake kichupa cha verni, rangi nyekundu ya kucha.

"Yaya, jipake na weye, watu wakuone," alimwambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Kisha akanigeukia. "Na weye shemeji, ungali unalalia mayai tu? Yataanguliwa lini?"

"Nangoja ulete dhahabu, ndiyo nisimame."

"Basi utalala hapo mpaka uote manyoya!"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Ramazani alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye.

Mama Feza, yaani mke wangu, hakupaka kucha. Alilaza cherehani ubavu, akachomoa visi, yaani skrubu, moja iliyokuwa inalegea kila wiki kwa mtikisiko, akaidondoshea verni kwenye meno yake, akairudisha na kuikaza. Halafu akachora mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, kutoka kichwa cha visi hadi kwenye chuma.

"Visi ikizunguka hata kidogo, mustari utakatika. Nitajua."

Mstari haukukatika. Nilikuwa nikiamka naenda kuutazama kabla ya kunawa uso. Mwalimu wetu alitumia wiki nzima kutufundisha mtikisiko. Mke wangu aliushinda kwa tone moja.

Vita iliingia siku ya soko. Askari wa serikali walikuwa wameondoka siku iliyotangulia, bila kuaga. Wapiganaji walitoka msituni kwa mistari miwili, majani kichwani, hirizi shingoni. Kila mmoja alikuwa na dawa yake ya kuzuia risasi, na kila dawa ilikuwa na masharti. Huyu hali sombe, yale majani ya muhogo. Yule hapeani mkono. Lakini sharti moja lilikuwa la wote: mwanamke asiguse silaha. Akiigusa, dawa imekufa, na yeye anaifuata.

Tuliona, kando ya soko, kwamba halikuwa neno la mdomo tu.

Kiongozi wao, waliyemwita Komanda bila jina, alisimama mbele ya baraza yangu akasoma kibao.

"Fundi ni weye?"

Nilikitazama kibao. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

"Ni mimi, Komanda."

Aliondoa risasi, akalaza bunduki juu ya meza ya kukatia nguo. Kitako, ule mti unaoegemea bega, kilikuwa kinacheza. Visi zake mbili zililegea kila walipopanda pikipiki, kila walipopiga risasi.

"Narudi saa tisa. Ikilegea tena, nitakutafuta. Na iko rahisi kukupata, wanasema hautokagi kwako."

Hata msituni walikuwa wanalijua hilo.

Aliacha mpiganaji mmoja barabarani, mgongo kwetu. Niliingiza bunduki ndani na kushika turnevisi, bisibisi ya mke wangu. Iliteleza. Nikajaribu tena, ikateleza tena, ikachuna mti. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko cherehani yoyote.

Mama Feza alitoka uani. Akafunga mlango.

"Usiguse," nilimwambia. "Mama Feza, usiguse."

"Nani ataigusa? Weye? Itakuua na haina hata risasi."

Akainyanyua.

Nimeona watu mashujaa tangu siku ile, wengine wenye vyeo. Sijaona mikono iliyotulia namna ile. Alichomoa visi, akazisugua kwa petroli mpaka mafuta yote yakatoka, akazipuliza zikauke. Matundu yalikuwa yamepanuka, basi akachonga vijiti viwili akavisindika humo, visi zipate mahali pa kuuma. Akadondosha verni kwenye meno. Akakaza polepole, huku akisikiliza mti. Nje, yule mpiganaji alikohoa.

Mama Feza hakugeuka.

Kisha, kwa mazoea ya mkono, akachora mistari yake miwili myekundu.

Tuliiona wote kwa pamoja. Akaikwangua kwa kucha. Ilikuwa imekwisha kukauka, na petroli yote ilikuwa imeishia kwenye visi.

Saa tisa Komanda alirudi. Alitikisa kitako. Hakikucheza. Akakisindika begani, akakipiga kwa kiganja, akatabasamu kidogo. Halafu akaona nyekundu.

"Hii nini?"

"Dawa," nilisema. "Dawa ya visi."

Nilisema kama fundi yeyote anavyosema: dawa ya kutu, dawa ya mbu. Lakini Komanda aliirudisha bunduki mezani taratibu, kwa mikono miwili.

"Dawa ya nani?"

"Ya... upande wa wakwe."

Huo haukuwa uongo.

Aliinama, akaitazama ile mistari kwa muda mrefu. Mtu aliyefunga mji mzima alikuwa ameshika pumzi mbele ya rangi ya kucha. Aliponiuliza, sauti yake ilikuwa ya heshima, kama ya mtu aliye mbele ya mganga wake.

"Masharti yake?"

Kilichokuja kichwani ni kile tu nilichokijua juu ya verni.

"Isiguse petroli, Komanda. Petroli inaiharibu."

"Petroli. Vizuri." Akaondoka.

Usiku ule nilijisifu. Mke wangu alilia, kisha akacheka, kisha akaniambia ninyamaze.

Wiki ya tatu, mwenye pikipiki mmoja alifika kutoka njia ya Salamabila. Alikuja peke yake, kutusimulia kwamba alikuwa amembeba Ramazani. Kwenye kizuizi cha wapiganaji walisimamishwa, na yeye mwenye pikipiki alikuwa anamimina petroli tangini kutoka chupa. Komanda aliruka nyuma. "Toa hiyo kitu hapa! Bunduki yangu haitaki petroli!" Akasogea mbali hatua nyingi, bunduki ameinua juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto. Sharti langu alilishika vizuri sana.

Ramazani aliitazama ile bunduki. Akacheka.

"Komanda, bunduki yako imepaka verni kama bibi-arusi?"

Komanda alifyatua kutoka kule kule mbali. Mara moja. Kitako hakikucheza.

Mke wangu alimsikiliza mtu yule mpaka mwisho. Alimpa maji ya kunywa. Sijui kama Ramazani aliitambua rangi aliyoinunua mwenyewe. Kama aliitambua, hakumtaja dada yake, na ndiyo maana niko hai kuandika haya.

Tulihama alfajiri iliyofuata, cherehani juu ya baiskeli. Mtu wa nyumbani nilitembea mpaka Kasongo, na ndiko tuliko hadi leo.

Mama Feza hakunilaumu kwa kuandika kibao, wala kwa mikono yangu kutetemeka. Neno alisema moja tu, miaka baadaye, akiwa anapindua pindo la sare ya shule.

"Alikuuliza masharti, Baba Feza."

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu yule mwenye pikipiki alipofunga mdomo. Komanda alikuwa amesimama mbele yangu, tayari kushika neno lolote nitakalompa. Ningesema: isimlenge mtu asiye na silaha. Angelishika. Ni maneno matano tu. Mimi nilisema petroli.

Cherehani yake sasa haina verni. Visi inalegea kama zamani, naye kila asubuhi, kabla ya kukaa, anachukua turnevisi na kuikaza. Mimi namshikia taa.