Raba Chini ya Mashine ya Santuri

Dereva alistaafu akiwa mzima wa viungo vyote isipokuwa makalio, ambayo hayakujua tena kukaa kwenye kitu kisichotembea. Alishinda akihangaika ndani ya vyumba vyao viwili vya ghorofani, mbao za sakafu zikilia chini yake. Anafungua dirisha, analifunga. Anauliza kama maji yamechemka, hangoji jibu. Mkewe alimvumilia. Zaidi ya nusu ya ndoa yao alikuwa amelala peke yake, mume yuko barabarani na lori la tajiri, na sasa ombi lake lilikuwa moja tu: jioni wakae kwenye kochi, wasikilize santuri zake pamoja, wimbo mpaka mwisho.

Wimbo ukawa haufiki mwisho. Kila wakikaa, sindano iliruka, mwimbaji akarudia neno moja kama mlevi anayedai chenji, na spika zikavuma chini kwa chini.

"Mashine haina ubaya," mke alisema. "Mimi naipiga miaka nenda miaka rudi."

Dereva hakusikia la mtu. Ubaya upo, na penye ubaya kuna kipuri.

Kipuri alikuwa nacho muuza spika wa mtaa wa pili, mtu ambaye hata ukiingia dukani kwake kuuliza njia utatoka umebeba waya. Mtetemo, alisema, ndio adui wa muziki. Unapanda kutoka sakafuni mpaka kwenye sindano. Hapo hakudanganya. Akamuuzia viguu vya raba vya kuweka chini ya mashine. Mvumo ulipungua kidogo, tuseme ukweli, lakini sindano ikaruka. Dereva akarudi, akapewa sponji nene. Mashine ikawa inanesanesa na sindano ikaruka zaidi. Akarudi tena, akapewa bamba la jiwe, akalipandisha ngazi huku akihema na kumlaani aliyebuni ghorofa. Sindano ikaruka.

"Umeijengea kaburi sasa," mke akasema, akacheka. Dereva hakucheka. Moyoni aliogopa kitu ambacho hakukitamka: kwamba mwanamke huyu alimngoja muda wote ule, na yeye ameshindwa kumpa hata wimbo mmoja.

"Yule muuza spika leo atanitambua!" akasema, akashuka ngazi mbio huku santuri bado inazunguka.

Alifika mlango wa chini ndipo akagundua ametoka na ndara za mkewe. Akarudi, akipanda polepole kwa sababu zilimbana. Karibu na mlango akasikia muziki. Sauti ya mwimbaji ilitoka safi, neno kwa neno, kiitikio kikaingia mahali pake, haikukwama hata mara moja. Akasimama pale kwenye ngazi, na furaha ikamjaa mpaka akasahau ugomvi aliokuwa anaukimbilia.

"Imepona!" akaingia akisema, akajitupa kwenye kochi. "Kumbe ni jiwe! Lilihitaji muda tu, mama watoto."

Sindano ikaruka.

Mkewe hakuitazama mashine. Alikuwa anatazama chini. "Baba watoto," akasema taratibu, "angalia mguu wako."

Dereva akaangalia. Mguu wa kushoto, mguu wa klachi, ulikuwa unapanda na kushuka, kisigino kikigonga ubao, na ubao ukipeleka habari mpaka kwenye meza ya mashine. Akaukaza, ukatulia. Wimbo ukanyooka. Akaanza kuusikiliza, na mara tu aliposahau, mguu ukashika safari.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Wala hakujua mguu huo ulikuwa unakwenda wapi.

"Kwa hiyo santuri inaimba vizuri nikiwa sipo," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka yote."

"Miaka yote. Haikukwama hata siku moja." Mkewe aliinuka. "Nimeusikia huo wimbo mpaka mwisho mara nyingi mno, mume wangu. Mpaka nikauchukia."

Akainua mkono wa sindano, akaurudisha mahali pake, akazima mashine. Kisha akaja kukaa, si upande wake wa kila siku, bali ubavuni kwake kabisa, bega kwa bega.

"Haya," akasema. "Sasa tikisa mguu."